Shanga za Bijou katika beseni la Mama Véro

Nilimwaga maji. Nilishika beseni la Mama Véro kwa mikono miwili, lile beseni jeupe lenye ukingo wa buluu ambalo hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kuligusa ila yeye, nikalimwaga lote juu ya saruji ya sebule yake, katikati ya wamama waliokuwa wamekaa wamefumba macho. Maji yalikimbia chini ya viti, yakalowesha vitenge vyao, na pemba, ile chokaa nyeupe ya maombi iliyokuwa imewekwa pembeni, ikageuka uji. Wote walifumbua macho kwa mara moja. Nyuma ya mlango wa chumba, mtoto wangu Bijou alikuwa ananiita. Alikuwa ameita muda mrefu, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kukauka. Muda wote huo Mama Véro alikuwa ananiambia nikae chini, nivute pumzi, nisalimie uchungu wangu kama mgeni aliyepiga hodi. Sasa alitazama maji, akanitazama mimi, na wala hakukasirika. Akasema polepole, kwa ile sauti yake ya hospitali: "Ngalula, na hii hasira pia, uipokee."

Mama Véro alikuwa dada mkubwa wa mume wangu Ilunga. Kwa mtoto wangu alikuwa tata mwanamuke, yaani baba wa kike, ndivyo tunavyomwita huku dada ya baba, na si jina la heshima tu, ni madaraka. Juzi walikuja kuniambia amekufa. Bijou, ambaye sasa ni msichana wa kuteka maji na wa kujibu maneno, aliniuliza kama tutaenda matanga. Nikasema tutaenda. Tulikaa kwenye mkeka, tukala bukari, ugali wa huku, na sombe ya majani ya muhogo ya watu, na wanawake wakasimama mmoja mmoja kushuhudia. Alitufundisha kutomezwa na woga, wakasema. Bila yeye, mwaka ule ningepata wazimu, wakasema. Nilikaa nimekaza meno, kwa sababu yote waliyosema ni kweli. Bila yeye na mimi ningepata wazimu. Na ni yeye pia aliyeninyang'anya mtoto. Hakuna aliyesimama kusema hilo, na mimi nilikuwa mgeni wa msiba, nikaheshimu maiti. Lakini sina tabia ya kumeza kitu kinachokwama kooni. Nimerudi nyumbani, nimekaa, ninaandika.

Sitaeleza ukoo wangu. Watu wa mwaka ule walizungumza vya kutosha juu ya ukoo wangu. Inatosha kusema wazazi wangu walitoka Kasai, mimi nilizaliwa hapa Kolwezi katika hospitali ya kampuni ya migodi, nilisoma sekondari hapa, nikaolewa hapa na mtu wa kaskazini ya Katanga, na Kiluba cha Kasai, Tshiluba, ninakisema kama mtu anayetafuna mawe. Tulikuwa na nyumba ya vyumba viwili katika kambi ya wafanyakazi, ya matofali mekundu, na kibaraza ambapo Ilunga alikuwa anavua viatu vya kazi. Kisha kazi ikafa. King'ora cha kampuni kilichokuwa kinatuamsha na kutulaza kikanyamaza, na mtu ambaye hajaishi kambini hawezi kujua jinsi ukimya ule ulivyokuwa unatisha; tulikuwa hatujui tena saa ya kuweka chungu motoni. Unga wa mahindi uliokuwa unatolewa kila mwisho wa mwezi ukakatika. Tukahamia unga wa muhogo, bukari nyeusi inayonata kwenye vidole, na mboga ya lengalenga iliyoota yenyewe kando ya mfereji. Ilunga akasema anakwenda upande wa mpaka kutafuta kazi, atatuma habari. Akaenda. Habari haikuja. Na katika miezi ileile watu wakaanza kusema kwamba njaa yetu ina jina, na jina hilo lilikuwa Bakasai, watu wa Kasai.

Woga wa mwaka ule haukuja kwa kelele. Ulikuja bombani, mahali pa kuteka maji, kwa wanawake waliokuwa wananyamaza ninapofika na ndoo. Ulikuja kwa alama ya makaa kwenye ukuta wa nyumba, mstari mmoja tu, ambao hujui ni mtoto aliyecheza au ni wale vijana wa kufukuza Wakasai, waliofunga vitambaa kichwani, wamekuhesabu. Vijana hao nilikuwa ninawajua. Mmoja nilisoma naye, aliniibia kalamu mara nyingi. Sasa alipita mbele ya nyumba yangu akiimba na wenzake juu ya bilulu, wadudu, wanaotakiwa kutoka ndani ya mahindi, na alipoona ninamtazama aligeuza uso, akaimba zaidi. Familia za Kasai zilikuwa zimeanza kulala katika shule iliyo karibu na gare, yaani stesheni, zikingoja gari moshi la kuwapeleka huko walikoambiwa ni kwao. Jirani yangu Odia, Mkasai kama mimi, mwanamke mnene mwenye mdomo, alikuwa anatuchekesha bombani huku akijaza ndoo. "Banasema turudi kwetu," alisema. "Mi kule sijuwe hata mutu mumoja. Nitashuka mu gari, banisalimie na Tshiluba, mi niitike na Kiswahili. Banifukuze tena, sasa banirudishe huku." Tukacheka, tukabeba ndoo, na kila mmoja akafunga mlango wake kabla jua halijashuka.

Bijou alikuwa ameacha kula. Alikuwa na miaka mitatu na alikuwa anasoma uso wangu kuliko mwalimu anavyosoma daftari. Mimi nikishtuka, naye anashtuka. Mimi nilikuwa ninasimama dirishani, ninarudi kitini, ninasimama tena. Ni Odia aliyeniambia niende kwa wifi yangu. Akasema kule banakaliaka kimya kama kuku wenye kulalia mayai, lakini yeye alienda, na usiku ule alilala.

Mama Véro alikuwa muuguzi wa kampuni. Zamani, sista mmoja mgeni aliyesomea mambo ya akili aliwafundisha wauguzi jinsi ya kusaidia watu waliovunjika migodini, wale ambao dawa haikutosha kuwaondolea maumivu. Aliwafundisha kukaa na maumivu bila kupigana nayo. Uyaone, uyataje, uyaache yawepo, uendelee na kazi ya siku. Sista alirudi kwao, Mama Véro akabaki na somo lile, na kwa sababu yeye alikuwa mtu wa huku, hakuliacha likae peke yake. Alilichanganya na kazi ya nyanya yake, mwanamke aliyekuwa anatazama ndani ya maji. Kwa hiyo sebuleni kwake kulikuwa na picha ya Bikira Maria ukutani, beseni juu ya kigoda, pemba ya kupaka kwenye kipaji cha uso, na viti vilivyopangwa kwa duara. Tulivua viatu nje. Alisalimia bankambo, wale wazee waliotangulia, kwa majina yao, halafu tukasali Salamu Maria, halafu ukimya.

"Angalia miguu yako," alikuwa anasema. "Iko wapi? Iko chini. Njo mwanzo." Yaani, ndio mwanzo. Saruji ilikuwa baridi, na kweli, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, nilijua kwamba nina miguu. Halafu alituteremsha ndani. Alisema kila mtu ana nyumba ndani yake, na tuingie, tukae, tusubiri kuona nani anapiga hodi. Mara ya kwanza niliona aibu, nikajiambia nimesoma sekondari na sasa ninaota kitoto. Halafu kitu kilipiga hodi kweli. Kilikuwa kirefu, kimeinama kupita mlangoni, na kifua changu kikabana. "Usimufukuze," sauti ya Mama Véro ilisema, kana kwamba anakiona. "Uliza jina. Mupe kiti. Usimupe chakula." Chakula cha woga, alitueleza baadaye tukinywa munkoyo, ni zile hadithi unazojisimulia: watakuja kesho, watachoma nyumba, watanikata. Kiti ni kitu kingine. Kiti ni kusema tu, huyu ni woga, yuko hapa, amekaa pale. Nilimpa kiti. Alikaa. Hakuondoka, lakini alikaa, na mimi nilirudi nyumbani nikapika, na Bijou akala.

Ninataka mtu anayesoma aelewe jambo hili vizuri, ndiyo maana sikimbilii ubaya. Kazi ile ilikuwa nzuri. Wanawake wa Katanga na wanawake wa Kasai walikaa katika duara moja wakati waume zao hawasalimiani tena. Kulikuwa na sehemu tuliyoiita kufungua mkono. Kila mmoja alileta kitu ambacho moyo wake unakikaza sana: picha, kiatu cha marehemu, ufunguo. Unakishika kwenye ngumi, unaingiza ngumi ndani ya maji, unavuta pumzi, na huifungui kwa nguvu. Unangoja vidole vifunguke vyenyewe. Vikifunguka, kitu kinashuka chini ya beseni, na wewe unakiona pale, ndani ya maji, kando na wewe. Kisha Mama Véro anakitoa, anakipangusa kwa kitambaa cheupe, anakirudisha kwenye kiganja chako na kusema: "Kitu yako. Beba." Kila mara. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kazi ile. Kinachofunguka ni mkono, kitu kinabaki chako. Odia alileta ufunguo wa nyumba yake, akalia mpaka kamasi, na alipoupokea tena alisema, "Sasa huu ufunguo umeoga kuliko mi," na hata Mama Véro alicheka akifunika mdomo.

Siku moja nilikwenda kuomba chumvi kwa Mama Véro. Nilipitia nyuma, jikoni, na kabla sijabisha nikasikia anaongea na baba mdogo wa Ilunga, mzee mmoja mkavu ambaye tangu harusi hajawahi kuniita kwa jina. Mzee alikuwa anasema jambo fulani juu ya gari moshi, kwamba haliji, na likija linasimama porini siku nyingi. Mama Véro alikuwa analia. Alisema alikuwa amepita kwenye shule ile ya gare kuwapa watu dawa alizobaki nazo, na kwamba wanazika watoto pale, wanazika kila siku, watoto wa kuhara. Mzee akauliza, sasa itakuwa namna gani? Nikamsikia Mama Véro anapenga kamasi. "Atakubali," alisema. "Polepole. Atakubali." Nilifikiri anasema juu ya mwanamke mwingine, mgonjwa labda. Nilibisha, nikapewa chumvi, na akanipa pia samaki wakavu wawili kwa ajili ya mtoto. Alinikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nilitembea nyumbani nikifikiri nina bahati ya wifi.

Wiki ile alituambia tulete kile ambacho mkono unakikaza kuliko vyote. Alinitazama mimi aliposema. Mimi nilichokuwa ninakikaza kilikuwa mtoto, usiku nilikuwa ninamkumbatia mpaka anasukuma kwa magoti ili apumue. Siwezi kumtia mtoto ndani ya beseni. Nikamfungua shanga zake za kiunoni, nyekundu na nyeupe, ambazo nilimfunga mwenyewe alipoanza kutambaa, nikazileta. Nilipoingia sebuleni nikaona kuna watu wasio wa duara letu. Baba mdogo wa Ilunga alikuwa amekaa karibu na ukuta, na wanawake wawili wa ukoo wao. Jambo ambalo nilipaswa kulitilia maanani ni viatu: sisi wote tulikuwa miguu mitupu, wao walikuwa wamevaa viatu. Walikuja kutazama. Nilidhani wamekuja kujifunza, wazee nao wanaogopa.

Niliingiza ngumi ndani ya maji. Vidole havikutaka. Nilisikia saruji chini ya nyayo, nikasikia yule mrefu ameinama mlangoni, na nikampa kiti. Nilikaa naye. Sijui ilikuwa muda gani. Halafu vidole vikafunguka, kimoja, na kingine, na shanga zikashuka. Nililia, lakini kilio chepesi. Niliona kwamba ninaweza kumpenda mtoto wangu bila kumnyonga kwa woga wangu. Ni ugunduzi mkubwa wa maisha yangu, na sitakubali mtu aniambie haukuwa wa kweli kwa sababu ya kilichofuata. Mama Véro alizitoa shanga. Akazipangusa. Mimi nikafungua kiganja, nikangoja. Akazifunga ndani ya kitambaa, akaziingiza kifuani, ndani ya blauzi, na akaenda kwa mwanamke mwingine. Wale wa ukutani walisimama, wakaburuta soli za viatu vyao kwenye saruji, wakatoka. Nikafikiri amesahau, atanipa kesho.

Walikuja asubuhi, yeye na mzee. Nilikuwa ninamlisha Bijou uji. Mzee ndiye aliyesema, akiwa amesimama, hakutaka kiti. Kwao, mama anayeachana na ukoo, kwa kifo cha mume au kwa safari au kwa talaka, anafungua shanga za mtoto na kuziweka mikononi mwa tata mwanamuke mbele ya watu, na baada ya hapo mtoto ni wa baba, hakuna mtu wa kuuliza tena. Mimi nilifanya hivyo. Mashahidi walikuwepo. Nilimtazama Mama Véro, nikifikiri atacheka, atasema mzee amekosea, ile ilikuwa maombi, ilikuwa kazi ya ndani. Yeye alitazama bakuli la uji. "Ulifungua mukono mwenyewe," alisema. "Hakuna mutu alikufungulia." Kisha akamnyanyua mtoto wangu, na Bijou alimzunguka shingo kwa mikono, maana alikuwa anampenda.

Sikupiga kelele. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini, na wanaouliza ni watu ambao hawakuwepo. Vijana wa vitambaa walikuwa wamekaa kwenye kona, ninaona migongo yao kupitia mlango. Neno moja la mzee, kwamba Mkasai anasumbua watu wa ukoo, lingetosha, na wangeingia, na Bijou angekuwa katikati. Nilisimama na kijiko mkononi. Nilikuwa ninaogopa kwa namna ambayo hata leo, nikisikia mtu anakwaruza sufuria ya uji, mgongo unapata baridi. Mlangoni, Mama Véro aligeuka, akaniambia nije Alhamisi kwenye duara, wamama watanisaidia kubeba. Nilikwenda Alhamisi, si kubebewa kitu. Nilikwenda kwa sababu mtoto alikuwa ndani ya nyumba ile. Mengine mmeshayasikia mwanzo.

Baada ya maji kumwagika, wanawake waliondoka na vitenge vilivyolowa, wengine wakisahau viatu. Tulibaki wawili, na Bijou nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo.

"Rudisha shanga," nilisema.

"Shanga ziko kwa mwenyewe."

"Weye ulitufundisha kitu inarudiaka kwa mwenyewe."

"Njo nimefanya. Mwenyewe ni baba yake."

Nikamwambia sista wake angemtemea mate. Hilo lilimchoma, nililiona. Alikaa kwenye kiti kilicholowa, akasema kwa sauti ya chini: "Ngalula, ku shule ya gare nilishika batoto wane na hii mikono. Baliisha pumuzi mu mikono yangu. Unataka Bijou awe wa tano? Mi nilitaka abakie mu nyumba, akule. Na weye nilitaka uende na roho yenye kutulia. Ni vile tu."

"Ungeniuliza."

"Ungekatala."

"Njo maana ungeniuliza."

Na mimi ninasema mpaka leo, hapo ndipo kosa lake lilipokaa lote. Sista alimfundisha mtu kupokea kile kilicho ndani ya mwili wake mwenyewe, woga, maumivu, kifua kinachobana. Hakumfundisha mtu kupokea kile ambacho watu wengine wanamtendea. Mama Véro alijua tofauti hiyo kuliko sisi wote. Lakini alikuwa ameona watoto wakifa, alikuwa anaogopa, na woga wake mwenyewe hakuupa kiti. Aliupa chakula. Aliulisha mpaka ukamla akili, ukachukua maneno yake mazuri yote na kuyafanya kamba ya kunifunga mimi. Sijui kama aliamini bankambo walikubali. Ninadhani aliamini. Hiyo hainipunguzii hasira hata kidogo.

Odia aliondoka wiki ile. Nilimsindikiza gare, na huko niliona kwa macho yangu yale Mama Véro aliyoyasema, na sitayaandika. Odia alikuwa amekaa juu ya godoro lililofungwa, jasho linamtoka, na alinivuta karibu. Hakufanya mzaha safari hii. Alisema mwanamke wa Kasai akienda serikalini wakati huu ni kama mbuzi anayekwenda kwa mchinja nyama kuulizia bei. Halafu akasema, "Lakini weye una masomo. Mi ningekuwa na masomo yako, ningeandika mpaka kalamu ivunjike." Gari lilikuja likiwa limejaa tayari. Sikujua kama nitamwona tena, na bado sijamwona.

Nilikwenda kwenye ofisi ya Zoni, serikali ya hapa kwetu, asubuhi iliyofuata. Nilivaa sketi ya shule, kwa sababu ndiyo nguo pekee iliyokuwa bila kiraka. Kutoka kambini mpaka pale nilipita vijana mara mbili. Wa pili walinifuata wakipiga mluzi. Niliongea na woga kama nilivyofundishwa, na ninalisema hili hata kama linaniudhi: wewe ni woga, uko hapa, haya twende, ukae nami, lakini njia ninaichagua mimi. Haukupungua. Ulitembea pamoja nami mpaka ndani, ukaingia foleni.

Karani alikuwa mtu wa makamo, koti limechakaa kwenye kola, na alipouliza jina nikasema Ngalula, alitabasamu kwa pembe ya mdomo. "Mama, benu bako ku gare," alisema. "Huku umekuja kufanya nini?" Watu kwenye foleni walicheka. Nikasema nimekuja kuweka mashitaka, mtoto wangu amechukuliwa. Akauliza na nani, nikamtajia. Aliacha kutabasamu, maana Mama Véro alikuwa amemtibu mama yake mzazi; kambi nzima ilikuwa na deni kwa mikono ile. Akasema haya ni mambo ya ukoo, nirudi nyumbani, tena nirudi haraka, kwa usalama wangu. Nikabaki. Alinitazama mikono niliyoweka juu ya meza yake.

"Unaogopa, mama. Unatetemeka yote."

"Ndiyo," nilisema. "Ninaogopa. Unipe karatasi."

Sijui ni kitu gani kilimgeuza. Labda hakuzoea mtu kukubali. Alisukuma karatasi na kalamu, akaniambia kwa sauti ndogo niandike kwa Kifaransa, ile ya Kiswahili haipandi juu, na nisiandike mengi. Niliandika nikiwa nimesimama, mstari wa kwanza nikaufuta na kuuanza upya. Alipiga muhuri nakala mbili, moja akanirudishia. Ninayo hapa, ndiyo niliyoishikilia mpaka Bijou akarudishwa. Ninaitafsiri kama ilivyo.

Kwa Bwana Komiseri wa Zoni.

Mimi Ngalula, mke wa Ilunga, ninayekaa kambini, ninaleta mashitaka juu ya wifi yangu Véronique, muuguzi, na juu ya baba mdogo wa mume wangu, ambao walimtoa mtoto wangu Bijou nyumbani kwangu na kumfungia.

Wanasema nilimtoa mwenyewe. Ninaeleza. Niliweka shanga za mtoto ndani ya maji wakati wa maombi, kwa kazi ya roho yangu, ili nipunguze woga. Katika maombi hayo kitu kinarudishwa kwa mwenyewe, na wanawake wote wa duara wanaweza kuthibitisha, wa Katanga na wa Kasai. Sikuambiwa kwamba siku ile kutakuwa na maana nyingine. Sikuambiwa kwamba kuna mashahidi. Kilichofanyika ndani ya moyo wangu mbele ya Mungu na wazee waliotangulia si mkataba, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuingia kule na kutoka na mtoto wa mtu.

Wanasema ni kwa ajili ya uhai wake, kwa sababu ya hali ya gare. Hali ya gare haikuletwa na mimi. Kama Zoni inaona mtoto yuko hatarini pale, naomba Zoni iiondoe hatari hiyo kwa watoto wote, badala ya kuwaondoa mama zao.

Ninajua jina langu, na ninajua ni wakati gani ninaleta karatasi hii. Ninaomba mtoto arudishwe mikononi mwangu, hapa au popote nitakapopelekwa. Na kama jibu litachelewa, naomba leo hii iandikwe katika ofisi yako, kwa herufi zinazosomeka, kwamba mtoto huyu ana mama, kwamba mama yake hajafa, hajaondoka, na hajakubali.

Ngalula.